Elimu Isiyongoja Barua

Kila muda wa kuhuisha leseni unapokaribia, makundi ya WhatsApp ya wauguzi na wakunga hujaa swali moja: jamani, nani anajua semina yenye vyeti? Leseni zetu hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na ili kuhuisha leseni lazima uonyeshe kwamba umeendelea kujifunza. Utaratibu huo naupenda, na nitautetea popote. Linalonisumbua ni namna tunavyoutimiza. Mwaka huu mkunga kijana ninayefanya naye kazi, binti mwepesi wa kuelewa na mwenye mkono mtulivu, alinifuata baada ya zamu. "Mama, mimi sijaitwa semina hata moja. Wanaitwa walewale. Sasa leseni yangu itakuwaje?"

Alama zake za kuhuisha leseni tulizipata bila shida, maana siku hizi zipo kozi za bure mtandaoni. Lakini lalamiko lake lilinirudisha mbali, kwenye miaka ambayo katika vituo vyetu elimu ya kazini ilikuja kwa barua yenye muhuri au haikuja kabisa, na kwa watu walionionyesha kwamba ipo njia nyingine.

Nilihitimu ngazi ya cheti mwaka 1998, nikapangiwa kituo cha afya cha vijijini mkoani Singida. Tulizalisha kwa taa ya chemli. Kiongozi wetu leba alikuwa mama mmoja aliyekaribia kustaafu, aliyeingia kazini akitokea darasa la saba. Wakunga wengine wa rika lake walikwisha kuamua kwamba wanayoyajua yanatosha. Yeye alikuwa na kaunta buku. Kila uzazi mgumu ulipata ukurasa wake: saa aliyofika mama, njia imefunguka kiasi gani, mapigo ya mtoto, nini kilifanyika na saa ngapi. Chini ya ukurasa palikuwa na mstari mmoja wa swali. Kwa nini kondo la nyuma limekawia wakati tumbo limekaza vizuri? Kwa nini huyu amepata degedege na presha yake haikuwa ya kutisha? Gari la wilaya lilipokuja na timu ya mkoba kwa ajili ya chanjo, alilingoja mlangoni na daftari mkononi. Daktari akishuka, kabla hajapewa hata chai, anaulizwa.

Mama huyo alinipa kazi ambayo naifanya mpaka leo. Kabla ya kukabidhi zamu, aliniambia, andika jambo moja ulilolifanya usiku huu bila kujua sababu yake. Mwanzoni niliona ni jambo jepesi. Baada ya wiki chache nikagundua kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu naifanya kwa sababu nilimwona mwalimu akiifanya. Mtoto asipolia, tunamning'iniza miguu juu na kumpiga nyayo, kwa nini? Kila mtoto tunamfyonza makamasi, hata yule anayelia kwa nguvu, kwa nini? Kitovu tunakata papo hapo, kwa nini? Maswali hayo matatu niliyaandika nikiwa bado mgeni wa kazi. Yote matatu yamekuja kujibiwa na miongozo ya baadaye, na kila mara jibu limekuwa kwamba tuache tuliyokuwa tukifanya.

Swali lililonifunza zaidi lilikuwa la kifafa cha mimba. Aliletwa msichana wa mimba ya kwanza, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akiwa ameshapata degedege njiani. Tulimpa diazepam, dawa tuliyofundishwa chuoni, tena ndiyo pekee iliyokuwa kabatini. Akatulia. Degedege likarudi, tukaongeza dawa, likarudi tena. Gari la wagonjwa lilifika kesho yake. Mama alipona, mtoto hakupona. Niliandika: dawa hii inamlaza mama, lakini je, inazuia degedege lisirudi?

Jibu nililipata miaka kadhaa baadaye, nilipokwisha kuhamishiwa hospitali ya wilaya, katika kitabu cha daktari aliyeniruhusu kukisoma zamu za usiku. Utafiti mkubwa wa nchi nyingi ulikuwa umelinganisha dawa za kifafa cha mimba, ukaonyesha kwamba magnesiamu salfeti inapunguza kurudi kwa degedege kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na diazepam. Nikaangalia mwaka wa kuchapishwa: 1995. Kumbe jibu la swali langu lilikuwepo duniani kabla sijamaliza chuo.

Nililitafakari sana jambo hilo, na bado nalitafakari. Matokeo ya utafiti yanapotoka, hupita kwa wataalamu wa kimataifa, yakafika wizarani, yakaandikwa mwongozo, mwongozo ukachapishwa, wakafunzwa wakufunzi wa taifa, kisha wa mkoa, kisha wa wilaya, na dawa yenyewe inunuliwe na kusambazwa. Kila hatua ina sababu zake na ina muda wake. Anayekaa mwisho wa safari hiyo ndiye anayemshika mkono mama mwenye degedege. Tangu hapo sikuona tena kusubiri barua kuwa ni unyenyekevu au utii. Barua itakuja, na ikija niende. Lakini kati ya leo na siku hiyo kuna akina mama watakaopita mikononi mwangu.

Ndiyo maana magnesiamu ilipofika hospitalini kwetu tulikuwa tayari. Wengi waliiogopa, na hofu yao ilikuwa na msingi: ikizidi mwilini inazuia pumzi. Muuguzi mwenzangu na mimi tulikuwa tumeshanakili kwenye karatasi ngumu mambo ya kukagua kabla ya kila dozi inayofuata. Pumzi zisipungue 16 kwa dakika. Ukigonga chini ya goti, mguu uruke. Mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti iwe tayari pembeni, hiyo ndiyo dawa ya kuizimua. Karatasi ile tuliibandika ukutani baada ya daktari kuipitia na kuitia saini. Semina ya dawa hiyo ilikuja baadaye, na wenzetu walioitwa walirudi na kusema mengi waliyoyasikia huko yalikuwa ukutani kwetu. Walichoongeza ndicho kilichotusaidia: namna ya kuchanganya dozi upesi pale mgonjwa anapotikisika na mikono ya muuguzi inatetemeka.

Hapa niseme neno juu ya posho, maana ukiandika habari za semina bila kuitaja unakuwa hujasema kitu. Siwadharau wanaoifuata. Mshahara wa muuguzi wa cheti ulikuwa mdogo, na posho ya siku chache za mafunzo mjini ililipa ada ya mtoto au ilinunua bati. Tatizo ni kwamba posho ilibadili maana ya mafunzo yenyewe. Majina yakaanza kupangwa kwa zamu ya kufaidika badala ya zamu ya uhitaji, hata mtu wa wodi ya upasuaji akapelekwa kujifunza ukunga kwa kuwa "hajaenda siku nyingi." Alirudi na cheti, akakiweka kwenye faili, na leba pakabaki vilevile. Nimeyaona hayo katika zaidi ya kituo kimoja, na waliokuwa wakipanga majina hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanagawana kidogo kilichopo.

Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yale tunayoyaita HBB, yaliingia Tanzania kuanzia mwaka 2009. Shabaha yake ni ile dakika ya kwanza, inayoitwa dakika ya dhahabu: mtoto asiyepumua akaushwe, asisimuliwe kwa kumsugua mgongo, na kama bado hapumui aanze kupewa pumzi kwa mfuko na barakoa kabla ya dakika kwisha. Hospitali yetu ilipata mwanasesere wa mafunzo, yule wa plastiki anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto, mwenye kitovu unachoweza kukifanya kipige kama moyo. Walioitwa walifunzwa siku moja. Kisha mwanasesere akarudishwa kwenye boksi lake na kufungiwa ofisini, asije akaharibika.

Katika miaka hiyohiyo, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walikuwa wakipima jambo hilihili. Wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya HBB mwaka 2010. Baada ya miezi saba walipimwa tena kwa mwanasesere, wakafanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini walipotazamwa leba, wakiwa na watoto halisi, utendaji ulikuwa haujabadilika. Hospitali ile ikaanza mazoezi mafupi ya dakika chache, kila wiki, hapohapo kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikapungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Tofauti ya vipindi hivyo viwili ilitokana na watu walewale kurudia jambo dogo mara nyingi, karibu na kitanda cha kuzalia.

Mimi habari za Haydom nilizisikia kwa daktari wa mafunzo kwa vitendo aliyepitia kwetu. Nilikwenda kwa matroni siku hiyohiyo.

"Matroni, naomba yule mwanasesere ahamie leba."

"Akiharibika nitaandika nini kwenye kitabu cha vifaa?"

"Andika ameharibikia kazini, na mimi nitasaini."

Alinitazama kwa muda, akanipa ufunguo. Tukaanza kufanya mazoezi wakati wa kukabidhiana zamu, anayetoka na anayeingia, dakika chache tu. Mmoja anaigiza mkunga, mwingine anaangalia saa na kutazama kifua cha mwanasesere kama kinapanda. Kuangalia kifua ndiko kulikotufumbua macho. Wengi wetu, mimi nikiwemo, tulijiona tunajua kutumia ambu, yaani ule mfuko na barakoa, kwa kuwa mkono unaminya mfuko. Kifua kikibaki palepale, pumzi inatokea pembeni ya barakoa. Ukiinua kidevu kidogo, shingo isiwe imekunjwa wala imepinduka sana, ukakaza barakoa kwa vidole kama herufi C, kifua kinapanda. Jambo hilo kitabu kinalieleza kwa sentensi moja, na hakuna namna ya kulijua kwa sentensi moja.

Usiku mmoja wa masika tukiwa wawili leba alizaliwa mtoto wa kike, mwili umelegea, rangi ya kijivu, hana sauti. Mama yake aliuliza mara moja tu, "Mbona halii?" Mwenzangu alikuwa muuguzi aliyehamia kwetu karibuni, hajawahi kwenda semina yoyote ya HBB. Alichokuwa nacho ni zile dakika za makabidhiano. Nilipokuwa nashughulika na damu ya mama, yeye alikwisha kumkausha mtoto, akamsugua mgongo, akakata kitovu na kumhamishia mezani. Nilisikia ambu ikianza kupuliza na yeye akihesabu kwa sauti ya chini, kisha akasimama nusu sekunde, akarekebisha kichwa, akaendelea. Nililitambua lile rekebisho. Lilikuwa lile tulilokosoana asubuhi nyingi. Mtoto alivuta pumzi yake mwenyewe kabla sijamaliza kukandakanda tumbo la mama. Asubuhi mwenzangu aliandika ukurasa wake, na swali lake lilikuwa zuri: ikiwa mtoto na mama wote wameharibikiwa kwa pamoja na mkunga ni mmoja, aanze na nani? Swali hilo tulilipeleka kwa uongozi, na ndilo lililotufanya tupange namna ya kumwita mtu wa wodi ya pili kwa kengele.

Ninaposema mtu ashike elimu yake mwenyewe, wapo wanaonielewa kwamba kila mtu ajifungie na simu yake asome. Hapana. Kazi yetu inafanyika kwenye miili ya watu, na kujifundisha peke yako kwenye mwili wa mtu ni hatari. Nilipotaka kujifunza kuzalisha kwa vakyumu nilisoma kila nilichokipata, nikatazama picha mpaka nikaota. Sikushika kifaa mpaka daktari alipokubali kusimama pembeni yangu, na akaendelea kusimama pembeni hadi yeye, si mimi, aliposema sasa nenda. Kumwomba haikuwa rahisi. Katika hospitali zetu cheo kina ukuta wake, na muuguzi akimuuliza daktari "kwa nini" linaweza kuonekana ni kosa la adabu. Nilijifunza kuuliza kwa kuleta kazi: nimesoma hivi, nimeona hivi kwa mgonjwa wa kitanda cha nne, haviendani, naomba nielekeze. Walionikatalia ni wachache sana. Nadhani hata madaktari huchoka kuwa wenye majibu peke yao.

Lugha nayo imetuchelewesha. Tunasomea Kiingereza, tunaishi na kutibu kwa Kiswahili, na miongozo mingi inakuja kwa Kiingereza kizito. Nilipoanza stashahada kwa masomo ya masafa, huku nikiendelea na zamu, moduli zilinichosha kwa lugha kabla ya kunichosha kwa maarifa. Kilichoniokoa ni kundi letu dogo la wauguzi waliokuwa wakisoma kama mimi. Tuligawana sura. Kila mmoja aliisoma yake kwa kamusi na kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili, kana kwamba anamweleza mgonjwa. Sura niliyowaeleza wenzangu sijaisahau. Zile nilizoelezwa, baadhi nimezirudia mara nyingi.

Baadaye likaja somo ambalo wakongwe hatulipendi, la kuacha. Kwa miaka mingi nilijivunia patografu zangu, chati za kufuatilia mwendo wa uchungu. Chati hii ina asili ya karibu na sisi: mistari yake miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ilibuniwa na Philpott na Castle nchini Zimbabwe ya leo, wakachapisha kazi yao mwaka 1972. Nilifundishwa kwamba uchungu mkali unaanza njia ikifika sentimita 4, na toka hapo itafunguka sentimita moja kila saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya: hatua hiyo ihesabiwe kuanzia sentimita 5, na mwanamke asiharakishwe kwa sababu tu hakufikia sentimita moja kwa saa ikiwa yeye na mtoto wako salama. Mwaka 2020 ikatoka chati mpya ya kufuata. Kwenye kikao chetu wakunga wakubwa tulibishana karibu tukosane. Niliwasihi tusome sababu kabla ya kukataa, na tulipozisoma tulikuta kwamba wengi wetu tulikuwa tumewahi kuwaona akina mama hao wa polepole wakijifungua salama. Tulikuwa na ushahidi kwenye makaunta buku yetu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa damu. Tangu chuoni tulikadiria kwa macho damu aliyopoteza mama. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uitwao E-MOTIVE. Walitumia shuka la plastiki lenye mfuko na alama za vipimo, na mama akivuja damu kupita kiasi matibabu yote yanaanza kwa mpigo. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Hospitali zilizoendelea na njia ya kawaida ziligundua karibu nusu tu ya akina mama waliovuja. Kwa mtu aliyekadiria kwa macho kwa zaidi ya miaka ishirini, takwimu hiyo ni nzito. Siioni kuwa fedheha. Naiona kuwa sababu ya kuendelea kusoma mpaka siku ya kustaafu.

Nchi yetu imepiga hatua. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015/16 zilionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Za mwaka 2022 zilionyesha 104. Nyuma ya hatua hiyo kuna vituo vilivyojengwa, vyumba vya upasuaji, magari, damu, dawa. Muuguzi aliyejielimisha vizuri lakini hana oksitosini hawezi kuzuia damu kwa elimu. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wakubwa wanaoligeuza jambo hili kuwa kisingizio, wakisema watumishi wajiendeleze wenyewe, huku wamefunga vifaa makabatini na kumpanga mkunga mmoja zamu mbili mfululizo. Aliyechoka hajifunzi. Mwajiri ana deni lake na lazima tumdai, tena kwa maandishi.

Tunachoweza kufanya bila bajeti tumeanza kukifanya wodini kwetu. Kila anayerudi kutoka mafunzo hufundisha wenzake ndani ya wiki moja, kwa vitendo, na msimamizi husaini kwenye rejista. Kila mkunga mpya hupewa mtu mmoja wa kumkagua, na aliyepewa kazi hiyo hujulikana kwa jina kwenye ubao. Alhamisi mchana tunafanya zoezi moja tu: wiki hii mtoto asiyepumua, wiki ijayo mama anayevuja damu. Habari zikafika zahanati mbili za jirani, na wakunga wao wakaomba kuja. Hatuna nauli ya kuwapa wala chai ya kutosha. Wanakuja kwa bodaboda kwa fedha yao, na mfawidhi wa zahanati mojawapo ameshaanza kupanga zamu ili watumishi wake wawe huru Alhamisi.